Kona za Gati, Ncha za Ngome: Mwongozo wa Kukokotoa Maji Yanayopiga Ukuta Usio Laini

Mwongozo huu ni wako kama umesoma hisabati au uhandisi kwa miaka miwili mitatu, uko Pemba, Mtwara au Dar es Salaam, na umepewa kazi ya kukokotoa jinsi mawimbi yanavyolizunguka gati, kisiwa kidogo au chombo kilichotia nanga kwenye pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Programu za kufanya hivyo zipo, nyingine za bure. Shida ni kwamba zitakupa jibu hata pale ambapo jibu hilo si la kuaminika, na kosa mara nyingi limejificha kwenye kona. Kwa hiyo kabla hujawasha kompyuta, zipime kona zako. Kila kona ina namba yake, na namba hiyo itakuambia mapema kazi itakuwa rahisi au ngumu kiasi gani.

Pwani yenyewe haina huruma kwa mtu anayetaka mistari laini. Kuanzia mdomo wa Mto Ruvuma, ukapita rasi iliyoupa mkoa jina, Ghuba ya Tungue na mji wa Palma, rasi ya Afungi, Mocímboa da Praia, hadi Visiwa vya Kirimba vinavyoshuka kusini kupitia Vamizi, Matemo na Ibo, mwamba wa matumbawe umeliwa na maji chini na kubaki na ukingo mkali juu. Magati yana kona za nyuzi 90. Na pale Ibo, Wareno walijenga mwaka 1791 ngome ya São João Baptista kwa umbo la nyota, yenye ncha zinazotoka nje na kona zinazoingia ndani. Nitaitumia ramani ya ngome hiyo kama zoezi la umbo tu. Sisemi kwamba bahari inaizunguka. Lakini kwa kujifunza inalishinda gati lolote, kwa sababu ina kona za aina zote mbili.

Usiende kupima gati kwa droni. Tangu mashambulizi ya Oktoba 2017, na hasa baada ya Palma kuvamiwa Machi 2021, maeneo ya bandari na ya mradi wa gesi kule yanalindwa, na kijana mwenye kifaa kinachoruka anaweza kujieleza asieleweke. Picha za setilaiti na ramani za majini zinatosha kupima pembe kwa usahihi wa nyuzi moja au mbili, na kwa kazi hii huhitaji zaidi ya hapo. Ukilazimika kufika mwenyewe, pata kwanza ruhusa ya maandishi.

Amua pia unapima maji ya saa ngapi. Wakati wa bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa kwenye pwani hii hufikia karibu mita 4. Kisiwa cha matumbawe chenye umbo moja maji yakijaa huwa na umbo jingine kabisa yakipwa, na kona zilizokuwa chini ya maji hujitokeza. Gati lenye kuta za wima halibadilishi umbo, lakini kina kinabadilika, na tutaona baadaye kwamba hilo peke yake linaweza kukudanganya.

Kwa nini tunashughulika na mpaka tu

Bahari haina mwisho wa karibu, ukuta una mwisho. Ukitaka kuyagawa maji yote katika vipande vidogo, utajikuta unaweka vipande hadi karibu na Komoro bila faida yoyote. Njia ya intigrali za mpaka inakuruhusu kuweka nukta kwenye ukuta peke yake. Ukishajua mwendo wa maji ukutani, utaujua popote. Kwa kina kisichobadilika na kuta za wima, tatizo linashuka hadi kwenye ramani bapa, yaani vipimo viwili, na mlinganyo unaandikwa hivi: (I + K)u = f. Hapo u ni kile unachokitafuta ukutani, f inatokana na wimbi linaloingia, I inaacha kitu kama kilivyo, na K ndiyo opereta ya mpaka ambayo mwongozo huu unaihusu.

K si kitu cha kuogopa. Simama kwenye nukta moja ya ukuta. Kila kipande cha ukuta uliobaki kinachukua upana fulani wa pembe mbele ya macho yako, kama vile ukuta ungekuwa wa kioo na ukaweza kuona kupitia ndani yake. K inachukua thamani ya u kwenye kila kipande, inaizidisha kwa upana huo, inajumlisha, kisha inagawanya kwa nyuzi 180. Hayo tu. Kipande kilicho kwenye mstari ulionyooka uleule uliosimama juu yake kina upana wa sifuri, hivyo hakichangii chochote. Na ukizunguka umbo zima, jumla ya upana kutoka nukta isiyo kona ni nyuzi 180 kamili. Ndiyo maana K ikipewa namba 1 kila mahali inarudisha 1. Hifadhi ukweli huo, utakuwa jaribio lako la kwanza.

Kwenye ukuta laini, kama duara au mviringo wa yai, ukikisogelea kipande cha jirani upana wake unapungua taratibu, kwa sababu ukuta unaonekana kunyooka kadiri unavyokaribia. K ya namna hiyo ni kompakti: spektra yake ni orodha ya namba zinazokimbilia sifuri, na kompyuta inaimaliza kazi kwa hatua chache.

Sasa sogelea kona. Umesimama kwenye ukuta mmoja wa gati, umbali wa mita 1 kutoka kwenye kona ya nyuzi 90, unautazama ukuta wa pili unaoanzia konani na kwenda mbali. Upande mmoja wa upeo wa macho yako ni kona yenyewe, upande wa pili ni mwelekeo wa ukuta huo unaopotea mbali. Tofauti ya pande hizo ni nyuzi 90. Sogea hadi sentimita 1: bado nyuzi 90. Sogea hadi unene wa unywele: nyuzi 90 zilezile. Kona haipungui kwa kusogelewa. Kwa kona ya pembe α upande wa nchi kavu, upana huo ni 180 − α, na ukiugawanya kwa 180 unapata namba ya kona: 1 − α/180, ukiondoa alama ya kutoa kama ipo. Kwa nyuzi 90 ni 1/2. Kwa ncha ya nyuzi 60 ni 2/3. Kwa nyuzi 120 ni 1/3. Kwa ukuta ulionyooka ni sifuri, kama inavyopaswa.

Kona inayoingia ndani, tuseme pembe ya nchi kavu ni nyuzi 240, nayo ina namba 1/3, sawasawa na ile ya nyuzi 120. Hapa watu wengi huteleza. Katika kona inayoingia ndani maji yametulia. Mwendo wake unakwenda sifuri kwenye kona. Mvuvi akitafuta pa kutulizia mtumbwi atachagua huko. Lakini K haijali utulivu wa maji. Inaona tu pembe, na mzigo kwa kompyuta ni uleule.

Walioona kona kabla yetu

Carl Neumann, mwaka 1877, alithibitisha kwamba kwa maumbo yasiyo na mbonyeo unaweza kufikia jibu kwa kurudia K mara nyingi, kila mara tofauti ikipungua. Uthibitisho wake ulishindwa kwa maumbo mawili: pembetatu na umbo la pande nne. Yaani gati lako hasa. Sababu inaonekana ukichora: kutoka kona moja ya mstatili unaziona kuta mbili za mbali tu, na kutoka kona inayoikabili unaziona zile nyingine mbili. Weka 1 kwenye jozi moja na 0 kwenye jozi ya pili, kisha pima wastani kwenye kona hizo mbili: unapata 1 na 0, hakuna kilichopungua. Njia yenyewe inafanya kazi kwa mstatili; kilichoshindwa ni hoja ya hatua moja, na ilibidi ipatikane hoja nyingine.

Torsten Carleman aliandika tasnifu nzima juu ya maumbo yenye kona mwaka 1916, na Johann Radon akafuata mwaka 1919. Kutokana na kazi zao tunajua kwamba kila kona inaongeza kwenye spektra ya K ukanda usiokatika, ambao hauwezi kuondolewa kwa kuongeza nukta. Karl-Mikael Perfekt na Mihai Putinar walilikamilisha jambo hili mwaka 2017 kwa nafasi ya nishati, ambayo ndiyo nafasi ya kawaida kwa mtu wa fizikia: ukanda huo ni kuanzia kutoa namba ya kona hadi namba ya kona. Kwa gati la mstatili ni kutoka −1/2 hadi 1/2. Kwa ngome yenye ncha za nyuzi 60 ungekuwa kutoka −2/3 hadi 2/3, na kona zilizo butu zaidi zinamezwa humo humo. Kona iliyo kali kuliko zote ndiyo inayotawala.

Nimesema nafasi ya nishati kwa makusudi, kwa sababu jibu linategemea unapimaje ukubwa wa kosa. Ukipima kwa wastani wa mraba kando ya ukuta, ambao ndio watu wengi huutumia bila kufikiri, ukanda unakuwa mchoro kwenye namba changamano, unaofanana na tarakimu 8 iliyolala. Ncha zake mbili za mbali ziko kwenye sini ya nusu ya (180 − α). Kwa nyuzi 90 hiyo ni karibu 0.71, wala si 0.5, kwa nyuzi 60 ni karibu 0.87, wala si 0.67. Ukuta haujabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kipimo. Basi mtu akikuambia spektra ya opereta yake, muulize kwanza: kwenye nafasi gani? Akikosa jibu, namba yake haina maana.

Kwenye nafasi ya nishati kuna faida nyingine: K inakuwa na ulinganifu, hivyo spektra yote iko kwenye namba halisi. Lakini kuna mtego mdogo wa vipimo viwili. Kipimo cha nishati kinatumia logi ya umbali, na logi hubadilika alama umbali ukivuka 1. Gawanya vipimo vyako vyote ili umbo zima liingie ndani ya duara lenye nusu kipenyo chini ya 1. Gati la mita 60? Lipime kwa vizio vya mita 100. Ni kazi ya mstari mmoja wa programu, na inaokoa siku nzima ya kutafuta kosa lisilokuwepo.

Namba ya kona inakupa nini

Inakupa idadi ya hatua. Kwa gati la nyuzi 90, ukanda wa I + K ni kutoka 1/2 hadi 3/2. Uwiano wa ncha hizo ni 3, na njia nzuri ya kurudia hupunguza kosa kwa takriban 0.27 kila hatua. Kupata tarakimu kumi kunahitaji kama hatua 18. Kwa ncha ya nyuzi 60, ukanda ni kutoka 1/3 hadi 5/3, uwiano ni 5, kila hatua inabakiza 0.38 ya kosa, na tarakimu kumi ni hatua 24 hivi. Hesabu hii ni ya maji yasiyo na wimbi, na inaacha kando thamani chache zilizo nje ya ukanda, ambazo huongeza hatua kidogo. Lakini kama programu yako inachukua hatua 300 kwa gati la kawaida, kona haina hatia. Tafuta kosa kwenye nukta zako.

Na mawimbi? Ukiingiza urefu wa wimbi kwenye mlinganyo, K inabadilika, ila mabadiliko yenyewe ni kompakti, kwa hiyo ukanda wa kona haugusiki. Wimbi refu la kusi au vijiwimbi vya upepo wa jioni, kona ya nyuzi 90 inabaki na 1/2 yake. Hiyo ni habari njema: pima kona mara moja, itumie kwa mawimbi yote.

Habari mbaya ni kwamba wimbi linaleta ugonjwa mwingine. Mlinganyo wetu wa nje unakosa jibu la pekee kwenye marudio fulani ambayo hayahusiani kabisa na maji ya nje. Ni marudio ya umbo la ndani la gati, kana kwamba gati lingekuwa bwawa ambalo maji yake hayapandi wala kushuka kwenye kuta. Chukua gati la mita 60 kwa 20 lenye kuta za wima. Marudio mabaya ya kwanza yanaangukia wimbi la urefu wa karibu mita 38. Maji yakiwa na kina cha mita 8, wimbi hilo lina kipindi cha sekunde 5.3. Yakipwa hadi mita 4, wimbi la urefu uleule lina kipindi cha karibu sekunde 6.5. Hayo ni mawimbi ya kawaida kabisa ya upepo. Sasa mfikirie mtu anayekokotoa urefu wa mawimbi kwa kila kipindi kuanzia sekunde 4 hadi 10: anaona mwiba mkali kwenye 5.3 maji yakijaa na kwenye 6.5 yakipwa, anafurahi, anaandika kwamba amegundua mtikisiko wa bandari unaobadilika na maji. Hajagundua kitu. Ameuona ugonjwa wa mlinganyo wake.

Dawa inajulikana tangu miaka ya 1960 na 1970: changanya milinganyo miwili kwa mgawo wa namba changamano, kama walivyofanya Brakhage na Werner mwaka 1965, na Burton na Miller mwaka 1971. Kama programu yako ina swichi ya kuondoa marudio yasiyo halali, iwashe. Kama haina, kokotoa mara mbili kwa milinganyo tofauti na uamini miiba inayoonekana kwenye yote miwili.

Kuweka nukta

Usisambaze nukta kwa usawa. Karibu na kona ya nyuzi 90, u inapanda kama umbali kutoka konani ukipewa kipeo cha 2/3, na mwendo wa maji unakua bila kikomo kama umbali kwa kipeo cha −1/3. Kwenye ncha ya nyuzi 60 ni −2/5. Nukta za usawa haziwezi kulifuata jambo kama hilo, hata ukiweka milioni.

Gawa kila nusu ya ukuta katika vipande vinavyopungua kwa nusu kuelekea konani: nusu, robo, thumuni, na kuendelea. Weka nukta 16 za Gauss kwenye kila kipande. Kwa gati letu, kuta nne zinatoa nusu nane. Ukienda ngazi 40 unapata nukta 5,248, na matriksi ya namba changamano inayochukua kama megabaiti 440. Kompyuta ya mkononi inaiweza. Kipande cha mwisho kwenye ukuta mrefu kitakuwa kifupi kuliko atomu. Usijali. Hatukokotoi jiwe, tunakokotoa mlinganyo, na mlinganyo haujui atomu. Kwa kazi ya uhandisi inayohitaji tarakimu tatu, ngazi 15 na nukta 2,048 zinatosha.

Mambo mawili hapa huharibu kazi za watu makini. Kwanza, ukihifadhi nafasi za nukta kwa vipimo vya ramani, mfano mita 57.00000000003 na mita 57.00000000001, kompyuta itaitoa tofauti yake na kukubakizia takataka. Hifadhi kila nukta kwa umbali wake kutoka kwenye kona iliyo karibu nayo. Pili, zidisha kila thamani isiyojulikana kwa kipeuo cha pili cha uzito wa nukta yake. James Bremer alionyesha mwaka 2012 kwamba matriksi ikiandikwa hivyo inabaki na afya hata vipande vikiwa vidogo kupita kiasi. Bila hilo, vipande vidogo vya konani vinapata sauti kubwa kuliko haki yao. Kama umbo lako lina kona mamia, soma njia ya Johan Helsing ya Lund, inayoibana kila kona peke yake kabla ya kutatua umbo zima. Kwa gati moja, mimi nisingehangaika nayo.

Kisha jaribu. Ipe K namba 1 kila mahali, ni lazima irudishe 1 kwenye kila nukta. Halafu weka chanzo cha kubuni ndani ya gati, kokotoa mwendo wake ukutani kwa kanuni inayojulikana, upe mlinganyo wako mwendo huo, uone kama unakurudishia chanzo kilekile nje. Majaribio haya mawili yakifaulu, umeshashinda kazi nyingi zilizochapishwa.

Je, nizungushe kona?

Wahandisi wengi hufanya hivyo: wanaichonga kona kwa duara dogo, na mlinganyo unakuwa laini. Siwalaumu, kwani hata jiwe la kweli limeliwa kidogo. Lakini jua unachofanya. Ukanda unavunjika kuwa namba zilizotengana zinazojazana mahali palepale ukanda ulipokuwa, kwa hiyo kompyuta haipati nafuu uliyoitegemea. Na mwendo wa maji kwenye kona sasa unategemea duara ulilochagua: ukilipunguza kutoka nusu mita hadi sentimita 5, mwendo unazidishwa kwa karibu 2.15 kwenye kona ya nyuzi 90. Ukitoa mwendo huo kama jibu la bahari, umetoa jibu la duara lako.

Bahari yenyewe inafanya kitu kingine. Kwenye kona kali, maji halisi huachana na ukuta na kuzunguka, na kila nahodha aliyewahi kupita karibu na kichwa cha gati mkondo ukiwa mkali anavijua vizingia hivyo. Mlinganyo wetu hauvijui. Kwa hiyo tumia matokeo kwa urefu wa mawimbi mbali kidogo na kona, na kwa nguvu ya jumla juu ya ukuta, ambayo inabaki na kikomo hata mwendo wa konani ukikua bila kikomo. Usitumie mwendo wa nukta iliyo konani kwa jambo lolote, hata kama umetoka na tarakimu kumi na mbili.

Ukuta mwembamba wa kuvunja mawimbi ni kesi nyingine. Pembe yake inakaribia sifuri, namba ya kona inakaribia 1, ukanda wa I + K unagusa sifuri, na mlinganyo wote unaporomoka. Hapo usilazimishe, kuna milinganyo mingine kwa kuta zisizo na unene, inayotafuta tofauti ya u kati ya pande mbili za ukuta.

Chombo kinapoelea

Yote niliyosema ni ya ramani bapa. Mbali na pwani hiyohiyo kuna kituo cha gesi kinachoelea, Coral Sul, kilichoanza kusafirisha gesi Novemba 2022: urefu wa mita 432, upana wa mita 66, juu ya maji ya kina cha kama mita 2,000. Miili ya aina hiyo hukokotolewa duniani kwa njia ya paneli ambayo Hess na Smith waliieneza miaka ya 1960, nayo ni intigrali ya mpaka katika vipimo vitatu. Ukiichukulia kama sanduku, sasa una kingo na pia vipeo ambapo kingo tatu hukutana.

Kingo zinafuata namba ileile ya pembe, ila vipeo ni jambo jingine. Kwa maumbo yenye nyuso bapa, Johannes Elschner na Andreas Rathsfeld walipata matokeo ya kutegemewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwa sanduku la kawaida huna sababu ya kuogopa. Kwa mipaka mikali zaidi ya aina ya Lipschitz, kazi ya Coifman, McIntosh na Meyer ya mwaka 1982 ilithibitisha kwamba K haivunjiki, na Gregory Verchota akaonyesha mwaka 1984 kwamba mlinganyo una jibu. Kwamba spektra yake yote, ukiacha ile ya namba 1, iko ndani ya duara la nusu kipenyo 1 kwa kila umbo la Lipschitz, hilo ni dhana ya Carlos Kenig ambayo bado haijathibitishwa kwa ukamilifu. Na mwaka 2022 Simon Chandler-Wilde na Euan Spence walijenga maumbo yenye nyuso bapa ambayo kwayo njia ya Galerkin, inayotumiwa kila siku, inaweza kushindwa kufikia jibu ukichagua vibaya vipande vyako, ingawa jibu lenyewe lipo. Kwa hiyo kwenye vipimo vitatu usitosheke na gridi moja. Kokotoa kwa gridi tatu zinazozidi kuwa ndogo, na uangalie kama tofauti zinapungua kweli.

Unapoandika ripoti, usitaje kina cha maji na kipindi cha wimbi peke yake. Andika pembe ya kila kona, namba yake, nafasi uliyopimia kosa, ngazi ngapi za vipande ulizoshuka, kama uliondoa marudio ya ndani, na maji yalikuwa yamejaa au yamepwa. Ni mistari sita. Ukiletewa ripoti ya gati isiyokuwa nayo, irudishe kwa mwenyewe kabla mtu hajamwaga zege.